Mtoto wa kwenye picha hajui Kiholanzi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwenye ukurasa wenu wa afya makala inayoeleza tiba ya taswira kwa wagonjwa wa akili. Mwandishi kaandika kwa nia njema, nami nashukuru kwamba jambo hili limefika gazetini. Lakini kwa alivyoieleza, mgonjwa hufumba macho, akawaza mahali pazuri, akatulia, akaenda zake nyumbani. Mimi nimetibiwa kwa tiba hiyo miaka miwili na nusu hapa Uholanzi. Naomba nafasi niseme ilivyo kwa anayeketi kwenye kiti kile. Jina langu unalo. Nakuomba usilitoe, kwa sababu shangazi yangu yu hai na humu nitamtaja.

Nina miaka 41. Nimezaliwa Tanga, Ngamiani, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba yao mjini Utrecht. Mwaka 2019 niliambiwa nina ugonjwa wa haiba uitwao bodalaini. Maana ya neno lenyewe ni mpakani. Alilianzisha daktari Adolph Stern wa New York mwaka 1938, kwa wagonjwa aliowaona hawako huku wala hawako kule. Maelezo ya kidaktari yamebadilika tangu hapo, jina likabaki. Kwa mwenye nao, ugonjwa ni huu: mtu wako akichelewa saa moja kujibu simu, mwili mzima unaamini kakuacha. Asubuhi unampenda, jioni hutaki hata kumsikia, usiku unamlilia. Ndani panakuwa patupu kama nyumba iliyohamwa. Wengi wetu hujiumiza, na wapo wanaokufa kwa mikono yao wenyewe. Ndiyo maana naumia nikisikia watu, hata wauguzi, wakisema hawa wanatafuta kuonwa tu. Mtu hajiumizi mlango umefungwa, taa imezimwa, ili aonwe.

Tiba niliyopata inaitwa tiba ya skima. Skima ni yale mazoea ya kujiona na kuhisi ambayo mtu ameyabeba tangu utotoni. Aliyeianzisha ni Mmarekani, Jeffrey Young, na hapa Uholanzi imechunguzwa sana na Profesa Arnoud Arntz na wenzake. Mwaka 2006 walitoa matokeo ya wagonjwa 86 wa bodalaini waliogawanywa makundi mawili, kila kundi tiba yake, mara mbili kwa wiki kwa miaka mitatu. Waliopata tiba ya skima ndio waliopona wengi zaidi, na wachache zaidi waliikimbia njiani. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine mkubwa, wagonjwa 495 katika nchi tano, na tiba hiyo ikasimama tena. Nayataja haya ili msomaji asije akadhani nasimulia mambo ya ramli. Na taswira ni sehemu tu ya tiba hiyo. Yapo mazungumzo, yapo mazoezi ya kuzungumza na kiti kitupu, yapo makundi. Lakini taswira ndiyo iliyonishika shingo, na ndiyo ninayotaka kuisema.

Huko kutulia alikokuandika mwandishi wenu ni mlangoni tu. Kabla ya jambo lolote tabibu hukutafutia mahali salama ndani ya kichwa chako, uwe na pa kukimbilia. Wangu alinipa mfano wa ufukwe wa bahari. Nikamwambia bahari siitaki, kwa kuwa ndiko alikoondokea mama: alipanda boti kwenda Unguja, kutoka Unguja akaenda Maskati kufanya kazi za ndani, nami nilikuwa na miaka 6. Nikachagua baraza ya bibi mzaa mama, Pangani, upande wa Bweni, ambako usiku unasikia maji na wavuvi wakiitana. Ilitupita miezi miwili kabla sijaweza kukaa kwenye baraza ile dakika tano bila kufumbua macho.

Halafu ndipo kazi inaanza. Unaambiwa ufumbe macho, au utazame sakafu ukiogopa kufumba, uirudie siku moja ya utotoni. Husemi "nilikuwa jikoni". Unasema "niko jikoni". Unasema unaona nini, unasikia nini, mwili unahisi nini. Wengine huona picha wazi kama kwenye televisheni. Mimi hainiji kwa macho, hunijia kwa pua. Ya kwanza kufika ilikuwa harufu ya tui lililoingia kwenye makaa.

Niko jikoni kwa shangazi, nina miaka 7. Kuna wageni, unapikwa wali wa nazi. Nimetumwa nichuje tui. Nazi imekunwa, mbuzi bado iko hapo chini na machicha meupe kwenye meno yake. Nakamua kifumbu kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, kinaniponyoka, bakuli linapinduka, tui zito lote linakwenda kwenye seredani. Moshi. Majivu yananiruka usoni. Shangazi anasimama mlangoni. Hapigi. Ananitazama, kisha anasema, "Mamako kakukimbia wewe, hakukimbia njaa." Halafu ananishika mkono, ananitia stoo.

Tabibu hakunipeleka mpaka stoo. Hilo nimelijua baadaye kuwa ndiyo desturi ya tiba hii: si lazima mgonjwa aishi upya dakika ile mbaya kuliko zote, inatosha afike pale hisia zinapopanda. Hapo tabibu anasimamisha picha, anauliza, "Mtoto huyu anahitaji nini sasa?" Kisha picha inaandikwa upya. Mtu mzima anaingia ndani yake, anamkinga mtoto, anamkemea anayemtesa, anamtoa pale. Kwa sisi wa bodalaini, mwanzoni anayeingia ni tabibu mwenyewe, maana ule utu uzima wa ndani yetu haujapata nguvu. Baadaye unaingia wewe mwenyewe. Yaliyotokea hayafutiki, na tabibu mzuri hakudanganyi kwamba yatafutika. Kinachobadilika ni hukumu ambayo mtoto alijipa siku ile.

Sasa nisikilize vizuri hapa, Mhariri, kwa sababu ndipo ilipo sababu ya barua yangu.

Tabibu wangu ni mama wa Kiholanzi, mtu wa makamo, mpole. Tulizungumza Kiholanzi, nami Kiholanzi nakijua. Nina miaka 14 hapa. Akaingia kwenye picha. Akasimama kati yangu na shangazi, akasema maneno mazuri: mwache mtoto, hana kosa, ni bahati mbaya. Nami, mtoto wa miaka 7, kwenye jiko la Ngamiani mwaka 1991, nikamwona mwanamke wa Kizungu mrefu kasimama jikoni kwa shangazi anasema maneno nisiyoyaelewa. Mzungu wa kwanza niliyewahi kumwona kwa karibu alikuja shuleni na sindano za chanjo. Nikajificha nyuma ya mtungi. Shangazi naye hakutikisika, kwani naye hakuelewa kilichosemwa.

Tulirudia wiki tatu. Kila mara nilitoka nimechoka, nimefanya kila nililoambiwa, na picha iko pale pale, kama ninayoitazama kupitia kioo cha dirisha. Nikaanza kujilaumu: hata tiba imenishinda. Ugonjwa huu unapenda sana sentensi hiyo.

Wiki ya nne tabibu aliniomba nimtafsirie alichosema shangazi. Nikamtafsiria kwamba mama aliondoka kwa sababu yangu. Akaniuliza, "Ndivyo alivyosema?" Nikanyamaza. Hakusema hivyo. Kuondoka si kukimbia. Mtu huondoka kwa sababu elfu, lakini kumkimbia mtu ni kumwona yeye ndiye balaa. Kwa miezi yote nilikuwa nimempa mama yule wa watu tafsiri iliyokatwa makali, na hata mimi mwenyewe nilikuwa nimejikinga nyuma yake. Akaniambia, "Sema kwa lugha yake. Mimi si lazima nielewe. Nitakuangalia uso na pumzi."

Nikaisema. Mamako kakukimbia wewe, hakukimbia njaa. Nilikuwa sijaitamka kwa mdomo wangu kwa miaka 30 na ushei. Mikono ikafa ganzi, nikaanza kulia kilio ambacho si cha mtu mzima. Tabibu akasogeza kiti chake, akasubiri, kisha akauliza kwa Kiholanzi, taratibu, "Nani hapo kwenu angeweza kumnyamazisha?" Jibu likaja kabla hajamaliza: bibi. Bibi alifariki mwaka 1989. Kwenye tiba hii marehemu anaweza kuja, mradi anakuja kumkinga mtoto.

Bibi akaingia na kanga zake mbili, harufu ya asumini. Maneno yalitoka kinywani mwangu mimi, lakini yalikuwa yake. "Hebu! Tui tu hilo. Nazi zipo, tutakuna nyingine. Na wewe usimwambie mtoto maneno hayo. Mwanangu hakumkimbia mtu. Mwanangu kaenda kutafuta."

Kaenda kutafuta. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Nusu ya majirani zetu walikuwa wameenda kutafuta: Mombasa, Unguja, Maskati, Dubai. Hakuna mtoto aliyeambiwa kakimbiwa kwa kuwa baba yake kaenda kutafuta. Neno lilikuwepo muda wote mtaani kwetu, ila siku ile jikoni hakuna aliyenipa. Na Kiholanzi kisingeweza kunipa. Ningesema "alikwenda kutafuta kazi", ingekuwa habari ya kweli, lakini mtoto yule asingetoka nyuma ya mtungi kwa habari.

Baadaye nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu. Nikakuta kwamba mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser walichapisha utafiti juu ya Warusi waliohamia Marekani. Walioulizwa kwa Kirusi walikumbuka zaidi mambo waliyoyaishi kwa Kirusi, na walioulizwa kwa Kiingereza wakakumbuka zaidi ya Kiingereza. Kumbukumbu imehifadhiwa pamoja na lugha yake. Basi kama jeraha limehifadhiwa kwa Kiswahili, dawa nayo ifikishwe huko huko.

Sitaki mtu asome haya akadhani baada ya siku ile nilipona. Usiku ule ulikuwa mbaya. Nilisahau baiskeli nilipoifungia, nikatembea kwa miguu kwenye mvua hadi nyumbani. Saa tano usiku nilimpigia shangazi simu Tanga kumwomba radhi. Nilihisi nimemvunjia heshima, nimemruhusu mtu amkemee mbele yangu, mkubwa wangu aliyenilisha miaka tisa. Akashtuka: "Radhi ya nini, mwanangu?" Sikuwa na la kusema. Nikamwuliza magoti yanaendeleaje. Ni mzee sasa, miguu inamsumbua, kila Idi namtumia hela ya dawa. Yeye naye aliachiwa mtoto asiye wake katika nyumba yenye njaa, na mume alikuwa hatoi kitu. Hayo nayajua na hayapunguzi lile neno. Ilichukua miezi kabla sijaweza kuyabeba yote mawili kwa pamoja, na hili matabibu wa Kizungu wanapaswa kulijua wanapomtibu mtu wa kwetu: kumkemea shangazi, hata ndani ya picha, ni jambo zito. Usimlazimishe mgonjwa amtukane mkubwa wake. Bibi aliweza kusema kwa sababu cheo chake kilimruhusu.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliacha. Kabla ya tabibu huyu nilipitia kwa mwingine, mahali pengine, ambaye alinifungulia picha ile ile zikiwa zimebaki dakika kumi. Muda ukaisha, akatazama saa, akaniambia tutaendelea wiki ijayo. Ilikuwa Ijumaa jioni. Nilitoka na mtoto wa miaka 7 bado yuko stoo, na mbele yangu siku mbili za kukaa peke yangu. Sitasema nilichojifanyia Jumamosi ile. Nasema tu kwamba kila anayefanya kazi hii ajue: ukimfungulia mtu mlango huo, usimwache humo ndani. Tabibu wangu wa pili, yule mama mpole, hakuanza taswira kamwe katika theluthi ya mwisho ya kikao. Tulimaliza kwa chai, miguu sakafuni, nikitaja vitu vitano ninavyoviona chumbani. Na wiki nilizokuwa hoi, hakugusa picha kabisa.

Wenzangu nao wanasema hivyo hivyo. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ambamo wagonjwa 36 wa bodalaini, wa Australia, Ujerumani na Uholanzi, waliulizwa wenyewe tiba ya skima waliionaje. Walisema wamejielewa zaidi, wamezikaribia hisia zao, wamepunguza kujihukumu kwa ukali. Katika kundi langu tulikuwa wanane, na karibu kila mmoja alisema mwanzoni aliona haya, mtu mzima kufumba macho akazungumza na mtoto asiyekuwepo. Mmoja hakuwahi kupata picha hata moja, akasaidiwa na viti. Mmoja aliacha. Sisi wengine tulikubaliana kwamba ni kazi inayochosha kuliko zote tulizowahi kufanya, na mimi, Mhariri, nanyanyua wazee kwa mikono yangu.

Vikao vyangu nilivirekodi kwa simu, tabibu mwenyewe alinishauri. Rekodi ya bibi naisikiliza mpaka leo nikipika. Nikiwa nimetuma ujumbe haujajibiwa na mwili umeanza kuniambia nimekimbiwa, naisikiliza. Wakati mwingine haitoshi. Mara nyingi inatosha kunivusha saa ile, na saa ile ndiyo ya hatari.

Sasa nageuka nyumbani. Pale Muhimbili, chuo kikuu cha afya kinafundisha saikolojia tiba hadi shahada ya uzamili. Wanafunzi wanafundishwa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, mazoezi ni ya Kiingereza, kisha wanakwenda kumtibu mtu wa Korogwe au Kilwa aliyeumizwa kwa Kiswahili, au kwa Kisambaa, au kwa Kimakonde. Tabibu anatafsiri papo hapo, kama nilivyomtafsiria mimi yule mama. Hayo makali yanakatwa bila mtu kujua. Sitaki kuambiwa Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Kina "kujisikia mnyonge", "kususwa", "kusimangwa", "roho kuniruka", "kutengwa", "kupewa mgongo". Kusimangwa peke yake kunahitaji sentensi nzima ya Kiholanzi, na nusu ya watoto waliolelewa kwa ndugu wanajua kusimangwa ni nini tangu hawajajua kusoma.

Wenzetu wa Zimbabwe wameonyesha njia. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa Harare kukaa kwenye benchi na watu wenye sonona, wakizungumza Kishona. Walianzia na neno la Kishona lenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Benchi zile zimefika hadi Zanzibar. Ile si tiba ya bodalaini, najua, na bibi wa kwenye benchi hapaswi kufungua picha kama yangu. Lakini wao walianza na neno la mgonjwa.

Ninachoomba ni hiki. Wanaofundisha matabibu, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au popote, wawaache wanafunzi wafanye mazoezi ya taswira kwa lugha watakayotibia. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba atatoka amechoka, aambiwe atasindikizwa na nani, na aulizwe jeraha lake linasema lugha gani. Na mwandishi wa makala, tafadhali, asirudie kuandika kwamba tunafumba macho tukatulia.

Mimi nina daftari moja la kurasa 96. Ndani nimeandika kwa mkono, kwa Kiswahili, maswali yote niliyoulizwa na tabibu, jinsi nilivyoyageuza yakakaa sawa, na maneno niliyoyakataa na kwa nini. Mwalimu au mwanafunzi yeyote anayelihitaji akuandikie wewe, Mhariri, nami nitamtumia nakala.

Wako,
Mwanamke wa Tanga,
Utrecht, Uholanzi